Safu ya Maelezo

Maktaba ilikuwa na wasomaji mia tatu na kumi na wawili, na Mama Vitabu alikuwa na kadi ya kila mmoja wao. Upande wa mbele aliandika kwa wino yale ambayo idara ilitaka kuyajua: jina, anwani, namba, tarehe ya kujiunga. Upande wa nyuma aliandika kwa penseli yale aliyotaka kuyajua mwenyewe. Mwalimu mstaafu huchana kurasa za mapishi. Mfuko wake utazamwe, lakini kwa heshima. Mwenye duka la dawa husoma riwaya za mapenzi ndani ya kitabu cha afya, asisumbuliwe. Mama muuza nguo haji kusoma, anakuja kulala. Aachwe alale, ila asikorome. Mjane wa nyumba ya kona asipewe kitabu kinachoishia na msiba. Kwa miaka ishirini na sita hakuna msomaji aliyewahi kuigeuza kadi yake, wala hakuna aliyejiuliza vipi mkutubi huyu anajua haja ya mtu kabla hajafungua kinywa. Na penseli ilikuwa na sababu. Watu hubadilika, na mtu akibadilika Mama Vitabu alichukua raba akafuta.

Mambo yalianza kwenda kombo pale mkuu mpya wa idara alipowaita wakutubi wote kwenye mafunzo ya siku moja. Alikuwa kijana wa suti ya kubana, mwenye haraka na mwenye adabu, na alilisema lake bila kuzunguka. Kufikia mwisho wa mwezi kila maktaba iwe na kundi la wasomaji kwenye simu, na daftari lote la wasomaji liwe kwenye jedwali la mtandaoni ambalo kila mtu atalifungua popote alipo. Maktaba itakayoshindwa itaunganishwa na ile kubwa ya mjini, na mkutubi wake atapelekwa ghalani kuhesabu vitabu vilivyochanika.

Siku hiyo mkufunzi alimwita mbele Mama Vitabu, asome maelekezo ukutani na kubonyeza panapotakiwa. Kusoma hakukuwa tatizo. Maneno yale aliyamaliza yote kwa kutupa jicho mara moja. Tatizo lilikuwa hapo pa kubonyeza. Alisimama na ile panya ya kompyuta mkononi, jasho jembamba likimtoka, watu arobaini wakimsubiri.

"Samahani mwanangu," alisema, "miwani yangu nimeisahau nyumbani."

Miwani yake ilikuwa inaning'inia kifuani kwa kamba. Ukumbi ulicheka, naye akacheka nao ili lipite. Lakini kilichomchoma si kicheko. Kilichomchoma ni kwamba uongo ule haukuwa wake. Aliuazima kwa mumewe, na hata sauti aliyoitumia ilikuwa ya mumewe.

Mumewe alikuwa fundi seremala, na mtaa mzima ulimwita Fundi, kana kwamba hakuna mwingine. Rafu zote za maktaba alizitengeneza yeye. Futi ya kupimia aliisoma hadi kimstari cha mwisho, na hesabu ya mbao aliifanya kichwani wakati mteja bado anatafuta kalamu. Herufi ndizo zilizomshinda. Hakupelekwa shule, akakua, akaona haya, akaoa, akapata watoto, na haya ikazeeka naye. Saini alikuwa nayo, tena nzuri yenye mkia, aliyoifanyia mazoezi kwenye vipande vya mbao. Barua ikija, miwani ameisahau. Bintiye, kwa mapenzi tu, alikuwa amemnunulia miwani mara tatu. Fundi alishukuru mara tatu na kuipoteza mara tatu, na nyumbani ikawa utani wa kudumu kwamba baba akisahau kichwa itakuwa ni kwa sababu kimevaa miwani.

Aliyejua ukweli ni mkewe peke yake. Na tangu mwaka uliopita, kila Jumatano saa nane mchana, saa ambayo maktaba haina mtu, Fundi alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma na sanduku lake la vifaa, eti anakaza rafu. Mkewe alimpa kadi namba mia mbili na saba kama msomaji yeyote, akampa na kitabu cha darasa la kwanza kilichofunikwa kwa gazeti. Mwanamume wa miaka hamsini na minane alikaa nyuma ya rafu aliyoitengeneza mwenyewe, penseli yake ya useremala ikifuata silabi moja baada ya nyingine. Alikuwa amefika ukurasa wa thelathini na moja.

Binti yao, ambaye bado aliishi nao, alikuwa mwalimu. Darasa la kwanza ndilo lake.

Huyo binti ndiye angeweza kuimaliza shughuli yote ya jedwali kwa jioni moja. Alijitolea zaidi ya mara mbili. "Mama, niachie nikuonyeshe, ni kitu cha dakika kumi." Mama Vitabu alimjibu kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kushika kalamu, asije leo kumfundisha kubonyeza. Alilisema kwa mzaha, lakini hakuwa na mzaha. Aliona aibu kuwa mwanafunzi wa mwanawe. Akajifungia ofisini na video za mafunzo, akazisimamisha na kuzirudisha nyuma, akaandika hatua kwenye karatasi, akaanza kuchapa kwa vidole viwili. Kadi mia tatu na kumi na mbili, siku tisa.

Jedwali lenyewe lilitoka idarani likiwa na safu zake tayari. Ya mwisho iliitwa Maelezo, na chini ya barua kulikuwa na onyo kwamba hakuna safu itakayoachwa wazi. Mama Vitabu hakuwa mtu wa kuacha fomu na pengo. Alipofika safu ya mwisho aligeuza kadi, akachapa alichokikuta nyuma. Kwenye kioo cha kompyuta safu hiyo ilikuwa imejificha mbali upande wa kulia, huioni mpaka uisukume. Yeye, aliyeishi na kadi maisha yake yote, hiyo aliihesabu kuwa ndiyo nyuma. Alipofika namba mia mbili na saba vidole vilisita. Kisha akajiambia kwamba akiruka mmoja hesabu haitatimia, akachapa.

Alhamisi saa nne asubuhi alimaliza. Kompyuta ikamuuliza nani aweze kuona, ikampa machaguo matatu: yeye tu, watu aliowataja, au mtu yeyote mwenye kiungo. Agizo la mkuu lilisema kila msomaji aweze kutazama tarehe yake ya kurudisha kitabu. Na kwa miaka ishirini na sita Mama Vitabu hakuwahi kumfungia mtu mlango. Alichagua mtu yeyote, akatuma kiungo kwenye kundi la wasomaji, akaegemea kiti na kupumua.

*

Hongera zilimiminika. Mkuu wa idara mwenyewe, aliyekuwamo kundini, alituma kidole gumba. Mama Vitabu aliweka maji ya chai jikoni mwa maktaba, akajiambia kwamba kumbe bado damu inachemka.

Chai haijapoa, kundi likanyamaza. Halafu mtu akaweka alama za kicheko. Halafu mwalimu mstaafu akaandika kwamba katika maisha yake hajawahi kutukanwa na taasisi ya umma. Halafu ikaja picha, mstari mmoja wa jedwali uliokatwa juu na chini na pembeni, na mtu ameuzungushia duara jekundu. Namba 207. Mume wangu. Hajui kusoma, anajifunza. Apewe kitabu cha darasa la kwanza, kifunikwe kwa gazeti.

Moyo ulimlipuka. Aliukamata ule ujumbe wake wa kiungo, akatafuta neno futa, akalibonyeza. Ukatoweka. Aliketi akasema asante Mungu, na kwa saa tatu nzima aliamini kwamba mambo yamekwisha, akashangaa tu kwa nini picha zinazidi kuja: duka la dawa, mama muuza nguo, mjane.

Saa nane binti yake aliingia maktaba moja kwa moja kutoka shuleni, chaki bado iko kwenye mikono ya blauzi. Hakusalimia. Aliweka simu yake mezani, na humo kiungo kilikuwepo kama kilivyotumwa.

"Nimeshakifuta," mama alisema.

"Umekifuta kwako tu, Mama. Huku kwetu kipo. Toka saa nne kipo."

Alivuta kiti, akaichukua kompyuta mbele ya mama yake, akaufunga ule mlango kwa kubonyeza mara mbili. Kweli ilikuwa kazi ndogo. Kisha akabaki anatazama kioo kilichokwisha kufungwa.

"Barua nilizokuwa nawaandikia toka bwenini," alisema. "Baba alikuwa ananijibu. 'Baba yako anasema hivi, baba yako amefurahi sana.' Nani alikuwa anamsomea?"

"Mimi."

"Na kujibu?"

"Alikuwa anasema, mimi naandika. Maneno yalikuwa yake, mwanangu. Hilo nakuapia."

Binti aliuliza kama ile miwani mitatu nayo walikuwa wakiicheka wawili chumbani. Mama Vitabu alisema hawakuwahi kuicheka. Ilikuwa kweli, lakini ilisikika kama uongo, na alijua kwamba amejitafutia mwenyewe.

*

Fundi alikuwa wa mwisho kujua, na sababu yake ilikuwa ndiyo hiyo hiyo siri. Simu yake ililia karakanani tangu saa nne. Alimpelekea jirani yake, mpaka rangi wa majumba, akamwambia amsomee, miwani ameisahau. Mpaka rangi alisoma kimoyomoyo, akasoma tena, akasema ni matangazo tu. Halafu akajitia kutafuta brashi. Walikuwa marafiki wa miaka kumi na tano na siku ile hakumtazama tena usoni.

Adhuhuri alikuja mteja wa kitanda, ameandika vipimo kwenye karatasi kama afanyavyo siku zote. Alimpa Fundi karatasi, kisha akaichukua tena kwa upole, akaanza kumsomea kwa sauti kubwa, polepole, kama anayeongea na kiziwi. Futi sita. Kwa futi nne. Fundi alikuwa akisoma tarakimu tangu mteja huyo hajazaliwa. Alimsikiliza hadi mwisho, akasema sawa. Hapo ndipo alipojua kwamba kuna jambo, na akaanza kukisia ni lipi.

Jioni, kabla ya chakula, aliwauliza wote wawili watu wamesoma nini. Hakupandisha sauti. Mkewe alimweleza yote tangu mwanzo: agizo, safu, kiungo, hata miwani yake ya ukumbini. Alipomaliza Fundi alimtazama binti yake, ambaye alikuwa ameinamia mikono yake, na uso wake ukamshuka kiasi kwamba Mama Vitabu alitamani amtukane badala ya kukaa vile.

"Umenivua nguo, mama watoto," alisema. "Mtaani ningevumilia. Mbele ya mtoto huyu sivumilii."

"Baba, mimi sina—"

"Mwalimu," alimkatiza bintiye. Hakuwahi kumwita hivyo. "Kula chakula chako."

Akaondoka mezani. Siku zilizofuata alikula karakanani, akarudi nyumbani kulala tu, akimpa mkewe mgongo. Alikuwa akimwitikia salamu, na kila kitu alichoulizwa alijibu kwa neno moja. Kamati ya ujenzi wa shule, ambayo yeye alikuwa mjumbe wake, ilimtumia salamu kwamba apumzike kidogo mpaka kumbukumbu alizotia saini zipitiwe upya. Salamu hizo aliletewa na bintiye, kwa kuwa shule ndiyo hiyo hiyo anayofundisha, na hakuna aliyeona haya kumtuma.

Mama Vitabu naye alipata yake. Mwenye duka la dawa alirudisha kadi akiwa ameikata vipande viwili. Mama muuza nguo hakuja kulala. Mjane alikuja, akasimama mbele ya meza, akasema kwamba kwa miaka sita alidhani vitabu vyote duniani vinaishia vizuri, na kwamba angependa mara moja aulizwe. Hilo lilimuumiza kuliko ile kadi iliyokatwa, kwa sababu lilikuwa haki.

Ijumaa mkuu wa idara alipiga simu. Alisema kwa adabu kwamba safu ya maelezo haikukusudiwa hivyo, iondolewe, na barua ya kuomba radhi iandikwe kabla ya Jumatatu. Akaguna kidogo. Kisha akasema kwamba hata hivyo, kati ya maktaba zote, ni ya kwake peke yake iliyokamilisha wasomaji wote bila pengo. "Umepita, Mama. Maktaba yako inabaki."

Alisema asante, mheshimiwa. Alipokata simu aligundua kwamba amefurahi, na furaha ile ilimtia aibu kuliko yote yaliyotangulia. Alikaa na mkono mdomoni kama mtu aliyekutwa anakula cha mwenzake.

*

Jumapili mchana alibeba droo mbili za kadi hadi nyumbani, akaziweka kwenye meza ya chakula, akachukua raba. Aliamua kufuta zote. Binti yake alimtazama kwa muda, kisha akavuta kiti upande wa pili akachukua raba nyingine. Binti aliuliza mara moja kwa nini hakumwomba amsaidie na ile kompyuta, na Mama Vitabu akasema ukweli, kwamba aliona haya kutojua mbele ya mtoto aliyemzaa mwenyewe. Alipokwisha kulisema alisikia alichokisema. Binti naye alisikia. Wote wawili wakainama wakaendelea kufuta.

Walikuwa wamepita mia na tisini wakati Fundi alipoingia. Alikuwa anatoka kuoga, shati safi, penseli ya useremala iko sikioni kama kawaida, maana hata Jumapili haimtoki. Alisimama akatazama zile kadi na vumbi jeusi la raba mezani.

"Yangu mmeshaifuta?"

"Bado," mkewe alisema.

"Ilete."

Mama Vitabu hakuelewa anataka kuifanyia nini, akaogopa. Alifikiri ataichana, akajiambia kwamba akiichana ni haki yake. Aliitafuta, akampa. Fundi aliketi mwisho wa meza, kiti chake cha siku zote ambacho kwa siku tatu kilikuwa tupu.

"Mtaa mzima umesoma ulichoandika juu yangu," alisema. "Mpaka rangi amesoma. Kamati imesoma. Aliyebaki ni mimi."

Aligeuza kadi nyuma, akachomoa penseli sikioni, akaiweka chini ya neno la kwanza. Kisha akaanza kutembea. Mu. Me. Wa. Ngu. Alipumzika, akayaunganisha, akaendelea. Neno hajui lilimchukua muda, na alipolipata alitikisa kichwa kidogo kama anayekubaliana na kipimo. Kwenye kifunikwe alikwama. Alirudi nyuma, akakwama tena. Binti, kwa mazoea ya kazi yake, alifungua midomo kumpa silabi.

"Usinisaidie," Fundi alisema bila kuinua kichwa.

Binti alifumba mdomo. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta, asije akasikika. Mama Vitabu alitazama meza. Ameketi na mumewe nyuma ya rafu Jumatano hamsini na ushee na hajawahi kumsikia akisoma kwa sauti mbele ya mtu wa tatu, na sasa angetoa chochote asimsikie. Saa nane mchana. Siku ya Jumatano. Hakuna watu. Yote aliyapita moja moja, jasho limemkaa juu ya midomo, mpaka penseli ikafika mstari wa mwisho, ule ambao kwenye picha ya mtaani ulikatwa.

"A. Si. A," alisoma. "Asia. Mbi. We. Asiambiwe." Alivuta pumzi. "M. Tu. Mtu. Ye. Yo. Te."

Alilirudia lote kwa mkupuo mmoja, polepole, ili ahakikishe kwamba ndilo. "Asiambiwe mtu yeyote."

Aliigeuza kadi mbele, akaigeuza tena nyuma, akatafuta kama kuna zaidi.

"Ni hapo tu?"

"Ni hapo tu, mume wangu."

Mama Vitabu alinyoosha mkono aichukue aifute. Fundi hakumpa. Alichukua raba iliyokuwa mbele ya bintiye, akaishika kama anavyoshika msasa, akafuta ule mstari wa mwisho peke yake, kwa makini, asiguse wa juu yake. Alipomaliza aliupuliza unga wa raba kama anavyopuliza vumbi la mbao, akamrudishia mkewe kadi bila kumtazama.

"Hayo mengine yaache," alisema. "Bado ni kweli."